Mpaka Aseme Amina

Siku Mwalimu Tarcis alipofariki, mbwa wake hakula.

Hakuna aliyeliona hilo mapema, maana nyumba ilikuwa imejaa watu. Akina mama wa jumuiya walikuwa wameteka jiko, wanaume wanashusha turubai na viti vya kukodi, na Scola, binti pekee wa marehemu, alikuwa amekalishwa mkekani, kanga begani, akiitikia pole mpaka sauti ikamkauka. Jioni alipotoka uani kunawa uso ndipo alipomwona Jaji. Alikuwa amekaa mbele ya bakuli lake la bati, mgongo wima, macho mlangoni. Wali wa asubuhi ulikuwa umekauka juu, na hakuna hata punje iliyoguswa.

Jaji alikuwa mbwa mdogo wa aina ile wanayoiita pagi. Mwili wake wa rangi ya mchanga, uso mweusi uliobonyea kama sufuria iliyoanguka, macho makubwa yaliyotokeza, na mikunjo ya paji la uso iliyomfanya aonekane wakati wote anasikiliza kesi isiyomridhisha. Mgeni mmoja aliyekuwa akifundisha kwa kujitolea pale misheni alimwacha kwa Mwalimu alipokuwa anarudi kwao. Mwalimu alimtazama usoni mara moja tu, akampa jina.

"Kula, Jaji," Scola alimwambia. Jaji alimtazama, akakoroma kidogo, akarudisha macho mlangoni.

Kesho yake ikawa vilevile. Shangazi Gertruda, dada wa marehemu, akasema, "Mwache. Mbwa naye ana msiba wake. Akiona njaa atakula."

"Hajala tangu jana, Shangazi."

"Kwani wewe umekula?"

Siku ya pili baada ya maziko, majirani Waislamu walikuja kuhani baada ya alasiri. Mzee Mwinjuma ndiye aliyeongoza, na pembeni yake alikaa mpwa wake Muharami, kijana aliyeuza mananasi ya Kiwangwa sokoni, ambaye Mwalimu alimfundisha hesabu kidato cha pili. Walipokuwa wanaaga, karibu na mlango wa uani, Mzee Mwinjuma akainua mikono, akawaombea wafiwa subira. Maneno yalikuwa machache na mazuri. Wote wakaitikia kwa pamoja, "Amin."

Uani bakuli likagonga sakafu.

Sauti iliyofuata kila mtu aliisikia. Ilikuwa kama cherehani kuukuu inayoshona turubai. Jaji alikuwa anakula, pua yake fupi ikirusha wali huku na huku, bakuli likimkimbia na yeye akilifuata mpaka kwenye karo.

Watu walitazamana. Muharami, aliyekuwa karibu na mlango, aliinama kidogo akamwuliza Scola kwa sauti ya chini, "Mwalimu alikuwa akimwombea chakula?"

Hapo ndipo Scola alipokumbuka. Kila mlo, miaka yote ile, baba yake alifumba macho mezani akashukuru, na Jaji akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani akisubiri. Mwalimu alimfundisha hivyo tangu alipokuwa kitoto cha kutosha kiganjani: hakuna kugusa kitu mpaka neno lisemwe. Ulikuwa mchezo wa mzee na mbwa wake, na hakuna aliyewahi kuuchukulia kwa uzito. Mbwa hakuwa amekataa chakula. Alikuwa anangoja ruhusa, na sala zote za msiba zilikuwa zimesaliwa mbele, chini ya turubai, zisisikike uani.

Scola alicheka, mbele ya waombolezaji, mkono mdomoni. Kisha kicheko kikageuka, akalia kilio chote ambacho kilikuwa hakijatoka tangu Jumanne. Alipoinua uso, watu walikuwa wanatoka, isipokuwa Muharami, aliyekuwa amesimama pale pale na kofia mkononi, hajui aende au abaki.

"Pole," alisema. Pole alikuwa ameshazisikia nyingi. Hii ilimfikia.

*

Mapenzi hayana adabu ya kusubiri matanga yaishe, lakini haya yalijitahidi. Miezi miwili ilipita kwa salamu za barabarani tu na nanasi moja lililoachwa mlangoni bila maelezo. Ndipo Scola alipofanya kosa.

Alikuwa anafundisha chekechea, na Ijumaa hiyo alitoka mapema, akaamua kumpeleka Jaji kwa Shangazi Gertruda kwa miguu. Mchana, jua la utosi. Baba yake alikuwa akimtembeza alfajiri na jioni tu, maana mbwa wa pua fupi hana pa kupozea hewa, lakini Scola alikuwa hajalitilia hilo maanani. Nusu ya njia Jaji alilala kwa ubavu, ulimi umekuwa wa zambarau, pumzi inakwaruza.

Kirikuu, kigari kidogo cha kubebea mananasi, ikasimama. Muharami akashuka, kanzu nyeupe imepigwa pasi, anakwenda msikitini. Hakuuliza kitu. Alimbeba Jaji kifuani.

"Muharami, kanzu."

"Kanzu inafuliwa. Panda."

Nyumbani walimmwagia maji ya bomba tumboni na kwenye nyayo, taratibu, Scola akimpepea kwa ungo. Baada ya muda ulimi ukarudi rangi yake. Jaji akasimama, akajikung'uta, akamrushia mwokozi wake mate kuanzia kidevuni mpaka kiunoni.

Muharami alijitazama. "Ahsante na wewe," akamwambia mbwa. Kisha akamgeukia Scola. "Naomba udongo. Safi, usiokanyagwa."

Scola alimletea, akasimama kando akamtazama akijiosha penye mate: mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo, kama dini yake inavyotaka kwa mate ya mbwa. Hakuwa na haraka wala kinyongo. Ijumaa ilikuwa imeshampita, na hakulisema hilo hata kidogo. Scola ndiye aliyelisema.

"Umekosa swala kwa sababu yangu."

"Kwa sababu ya Jaji. Wewe hujanikosesha kitu bado."

Kesho yake Scola alichekecha udongo kutoka nyuma ya nyumba, akauanika, akautia kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifunika ili paka wasiliguse, akaliweka kwenye kijukwaa cha bomba. Hakumwambia mtu. Muharami alipopita Jumapili kumjulia hali mgonjwa, aliliona, akalifunua, akanusa. Akamtazama Scola kwa muda mrefu, akasahau alichokuwa amekuja kusema, akaaga bila kukisema.

*

Kikwazo kilikuwa Bi Rukaya, mama yake Muharami, mkulima wa mananasi kule Kiwangwa. Muharami alipomweleza kwamba anataka kumwoa Scola, mama alimaliza kwanza kumenya muhogo mzima.

"Kuhusu Ukristo wake," alisema, "hilo lina wazee wake wa kuliongea, na wewe si wa kwanza. Lakini mbwa? Nyumba anayoingia mbwa, malaika wa rehema hawaingii. Mimi nitaingia vipi?"

Muharami alimletea Scola maneno hayo kama yalivyo, kwani hakuwa mtu wa kupunguza. Wakakaa barazani, nanasi katikati yao, hakuna aliyelikata.

"Kuna mtu Dar anawapenda hawa," alisema mwishowe, macho chini. "Ana uwanja. Tungempa, hata kwa muda."

Scola alikuwa ameshika kitambaa chenye maji, anampangusa Jaji ndani ya mikunjo ya uso, mmoja mmoja, kisha anakausha kwa kingine, maana ikibaki na unyevu huota vidonda na kunuka. Jaji alikuwa amefumba macho kwa raha.

"Baba hakupenda kurekodiwa," alisema. "Simu yangu haina sauti yake hata moja. Watu wamegawana nguo zake, vitabu vimekwenda shuleni. Kitu kimoja tu katika nyumba hii bado kinafanya kile baba alichokifundisha. Nikimtoa huyu, Muharami, nitakuwa nimemzika baba mara ya pili. Na mara hii nitakuwa nimechimba mwenyewe."

Muharami alitikisa kichwa taratibu. "Basi sikusema."

"Umesema."

"Nimesema. Nimerudisha." Akavuta lile nanasi, akatoa kisu. "Tumfundishe, basi. Mama anakuja Jumamosi baada ya wiki mbili. Akute mbwa anayejua mpaka wake."

Wakamjengea Jaji kibanda kwa mbao na mabati nyuma ya jiko, penye kivuli, na mbele yake wakatandika gunia. Ndani ya nyumba hakuingia tena, hata kizingiti kile akanyang'anywa. Kila asubuhi kabla ya jua kukaza na kila jioni, Scola alimkalisha juu ya gunia, akarudi nyuma hatua, akasubiri, akamrudia yeye mwenyewe na kipande cha dagaa. Kesho yake hatua zikaongezeka. Kamwe hakumwita atoke. Alimfuata pale pale alipo, ili ajue heri yake iko kwenye gunia. Akimaliza, ndipo husema neno la Mwalimu, na Jaji humeza dagaa wake akachomoka mbio kama amesamehewa kodi.

"Unamfundisha kama chekechea," Muharami alimtania kutoka barazani.

"Chekechea ni wagumu zaidi. Huyu angalau hamezi chaki."

"Na mimi? Mbona mimi sipewi dagaa?"

"Wewe hujakaa kwenye gunia."

Muharami akainuka, akaenda akakaa juu ya gunia tupu la mananasi, mgongo wima, akakunja uso kama Jaji. Scola alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza kucheka alimkuta bado anamtazama, uso umeshakunjuka, na hakuna dagaa duniani ambaye angetosha kwa mtazamo ule. Shangazi Gertruda, aliyekuwa dirishani, akakohoa.

*

Bi Rukaya alikuja Jumamosi kwa kirikuu ya mwanawe, na mananasi kumi nyuma. Alikuwa mwanamke mrefu, baibui lake limefuliwa mara nyingi likabaki safi, mikono ya mtu anayelima kweli.

"Hodi."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Poleni na msiba, ingawa umepita. Msiba haupiti." Akakaribishwa ndani, akatazama mlango, akatabasamu kwa heshima. "Hapa hapa barazani panatosha. Upepo mzuri."

Scola alilielewa neno lile, na Shangazi Gertruda naye alilielewa. Akatoa viti nje, akaketi akamkabili mgeni wake kama watu wawili wanaopimana kitambaa.

"Kwetu," Shangazi alianza baada ya chai, "tumezoea mgeni aingie ndani."

"Kwetu tumezoea mbwa akae nje."

"Yuko nje."

"Na mimi niko nje. Tumelingana."

Shangazi alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akasogeza sahani ya vitumbua. "Chukua, dada. Nimevipika mwenyewe, nilijua unakuja."

Bi Rukaya akachukua. Akamtazama Jaji, aliyekuwa kwenye gunia lake upande wa pili wa ua, hajasogea tangu mgeni afike. "Ndiye yeye?"

"Ndiye, mama," Scola alijibu.

"Mbona amenuna?"

"Ndivyo alivyoumbwa."

"Na anakoroma macho wazi."

"Pua yake fupi, hewa inapita kwa taabu. Ndiyo maana hatembezwi mchana."

"Marehemu baba yake Muharami alikuwa hivyo hivyo," alisema Bi Rukaya. "Nusu ya ndoa yangu sikulala." Muharami akainamisha kichwa kuficha kicheko. Mama akaendelea kumtazama mbwa. "Lakini ametulia. Sikutegemea. Nani kamfundisha?"

"Baba alianza. Mimi nimemalizia."

"Hm."

Lilikuwa hm zuri. Muharami alimtupia jicho kutoka upande wa pili wa sahani, na katika jicho lile mlikuwa na nyumba nzima, paa na madirisha. Waliongea mananasi, wakaongea mvua. Mgeni alimwuliza Scola anafundisha watoto wa umri gani na kama anajua kukuna nazi, na jua likaanza kulegea. Ikawa saa ya kuaga.

Wiki mbili wale wawili walikuwa wamefikiria kila kitu: gunia, kivuli, maji, kikombe kipya cha chai. Hawakufikiria kwamba Bi Rukaya hajawahi kutoka nyumba ya mfiwa bila kuomba dua.

"Kabla sijanyanyuka," alisema, akakusanya mikono mapajani, viganja juu.

Scola alimtazama Muharami. Muharami alimtazama Scola. Wote wawili walijua kwa wakati mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumkatiza mwanamke mzima akiwa katikati ya dua. Kule kwenye gunia, Jaji alikuwa amesimamisha masikio. Bi Rukaya aliomba kwa utulivu, akaiombea nyumba baraka, akawaombea vijana njia iliyonyooka, akamwombea Gertruda afya ya miguu, na kila ombi jema lilimzidishia Scola jasho.

"Amin," alisema Bi Rukaya.

Jaji alivuka ua kama jiwe la manati. Hapakuwa na bakuli mbele yake, lakini neno lilikuwa limesemwa, na aliyelisema ndiye aliyestahili shukrani. Alifika miguuni pa Bi Rukaya, akaramba unyayo wake uliokuwa umetoka kwenye kandambili, kuanzia kisigino hadi kidole gumba, akakaa chini, akamtazama usoni akisubiri.

Hakuna aliyepumua ila yeye, na yeye alipumua kwa kelele.

Scola alimwinua, akamrudisha kwenye gunia, akamfunga. Alijiambia moyoni, basi, imekwisha, na kilichomuuma zaidi ni kwamba asingeweza hata kumkasirikia. Jaji alikuwa hajavunja amri. Alikuwa ameitii, ile ile ya baba.

"Mama," Muharami alianza.

"Nyamaza wewe." Bi Rukaya alikuwa ameinua mguu hewani, anautazama kama si wake. "Bomba liko wapi? Na mnitafutie udongo."

"Viko pamoja, mama," alisema Scola. "Njoo nikushike mkono."

Akamwongoza mpaka kwenye kijukwaa, akamkalisha juu ya kigoda. Akajiosha mikono yake mwenyewe kwanza kwa udongo na maji, kama alivyomwona Muharami akifanya. Ndipo akachukua kopo, akafunua, akapaka udongo kwenye ule unyayo wenye nyufa za shamba, akasugua taratibu, akamwaga maji. Akamwaga tena, akihesabu kwa midomo bila sauti.

Bi Rukaya hakuwa anatazama mguu. Alikuwa anatazama kopo. "Udongo huu umechekechwa."

"Ndiyo, mama."

"Umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu Muharami alipombeba Jaji siku ile alipozidiwa na joto. Alikosa Ijumaa. Nikasema asije akatafuta udongo nyumbani kwangu asiupate." Scola akamwaga maji. "Huwa naubadilisha kila wiki, usiingie unyevu."

"Yeye ndiye aliyekuagiza?"

"Hajawahi kuniagiza kitu."

"Na wewe dini yako haikulazimu haya."

"Hapana, mama. Lakini yake inamlazimu. Na Jaji siwezi kumtoa. Nisingependa kukudanganya ukaondoka na matumaini. Neno lile ni la baba yangu. Alimfundisha kungoja mpaka aseme Amina."

Maji yalikuwa yanatiririka kwenye karo. Scola akamaliza ile ya saba, akaukausha mguu kwa kanga safi, kidole kwa kidole.

"Kwa hiyo," alisema Bi Rukaya polepole, "mimi ndiye niliyemwita."

"Ndiyo, mama."

"Mbwa amengoja dua iishe." Alitikisa kichwa. "Nina wajukuu watano, hawajawahi." Bega lake likaanza kutikisika, kisha la pili, na Scola alichukua muda kuelewa kwamba mwanamke yule mrefu alikuwa anacheka, kimya kimya, machozi yakimtoka. Kule barazani Shangazi Gertruda alikuwa ameinuka nusu, hajui kama aje na pole au na kitaulo.

Ndipo ikasikika adhana ya alasiri. Bi Rukaya akajipangusa macho, akafungua bomba akatawadha pale pale. Alipomaliza akauliza, kama anayeuliza bei ya chumvi, "Ndani kuna pahala safi pa kuswalia?"

"Chumba cha mbele, mama. Jaji hajawahi kukikanyaga. Mkeka mpya uko nyuma ya mlango."

"Kibla?"

"Upande wa dirisha."

Bi Rukaya akavua kandambili kizingitini, akaingia. Muharami alikuwa amesimama barazani, kofia mkononi kama siku ile ya msiba, ila safari hii alijua kabisa kwamba anabaki. Scola alimpita karibu sana, akibeba kopo la udongo kwenda kulijaza. Hawakugusana. Haikuhitajika.

"Dada huyu ameingia," Shangazi Gertruda alinong'ona, akitazama mlango, "lakini bado padre ana maneno yake, na wazee wana yao."

"Najua, Shangazi."

"Nakwambia tu. Vitumbua vimebaki vingapi? Atatoka na njaa."

Siku hizi Jaji analala kibandani nyuma ya jiko, hupanguswa uso asubuhi na jioni, na hatembezwi jua likishakaza. Chakula chake hakigusi mpaka neno lisemwe. Jumamosi, Bi Rukaya akiwa amekuja, hulisema yeye, kutoka barazani, miguu yote miwili juu ya kiti.